Mifupa Niliyoifukia Chini ya Maua ya Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa chakula. Nilikuwa kibarua mpya katika bustani za katikati ya jiji la Nairobi, zile zinazotenganisha pande mbili za barabara kubwa, na asubuhi nzima nilikuwa nimepogoa oleanda, mti wa maua ya rangi ya waridi usiochoshwa na jua wala moshi wa magari. Kupogoa ni kukata matawi yaliyozidi ili mti uchipue upya. Saa sita nilikaa kivulini nikafungua gazeti nililofungia chapati mbili. Nyapara, msimamizi wetu, akaja kutoka nyuma, akazichukua mkononi mwangu, akazitupa kwenye pipa la takataka.

"Umenawa?" akauliza.

"Mikono si michafu sana, mkubwa."

"Sijauliza kama ni michafu. Huo utomvu kwenye vidole vyako unaweza kusimamisha moyo wa punda. Wewe una nguvu kuliko punda?"

Wenzangu walicheka hadi wakaegemea majembe. Nyapara alinituma bombani ninawe hadi kwenye viwiko, kisha akanigawia nusu ya mhogo wake. Nilimshukuru Mungu kwa mhogo ule, ingawa moyoni nililia chapati zangu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mmea mzuri unaweza kuwa na sumu, na kwamba kazi yetu haikuwa kupendezesha tu.

Nyapara yule hakuwa amekaa darasani sana, lakini alijua udongo kama mama ajuavyo watoto wake. Alinifundisha kutengeneza mboji, yaani majani na mabaki ya jikoni yaliyoozeshwa mpaka yakawa meusi na laini. Alinifundisha kutandaza nyasi kavu juu ya mizizi ili unyevu usitoroke. Na alinifundisha ufundi mmoja nilioujivunia kwa miaka mingi: kabla ya kupanda kichaka cha maua, chimba shimo la kina cha futi mbili, weka mifupa chini, funika kwa udongo, weka mboji, ndipo upande. Mifupa huyeyuka polepole ardhini na kuupa mmea nguvu ya kuchanua.

"Wengine watapanda kama wewe," alikuwa akisema, "lakini maua yao yatakuwa na haya. Yako yatatoka kifua mbele."

Alisema kweli. Katika bustani za mjini hapakuwa na mbwa wa kufukua kitu, kwa hiyo ufundi ule haukuwa na kosa lolote. Nasema hivi kwa ajili yenu vijana mnaofanya kazi hii leo. Jambo linaweza kuwa sahihi kabisa mahali ulipofundishwa, ukalibeba mpaka mahali pengine na likamwumiza mtu.

Kutoka mjini nilienda kufanya kazi kwenye kitalu, karibu na mtaa wa Jamhuri. Kitalu ni mahali pa kuotesha miche ya kuuza. Aliyekimiliki tulimwita Mama Kitalu. Alikuwa mwanamke mpole kwa miche na mkali kwa watu. Kwake nilijifunza majina ya mimea mia na zaidi, na jinsi ya kuchukua vipandikizi, yaani vijiti vya mmea mkubwa unavyovichomeka kwenye mchanga mpaka vitoe mizizi. Alinifundisha na biashara.

"Mteja akiuliza kama linanukia, sema linanukia," aliniagiza. "Akiuliza kitu kingine chochote, niite."

Ua lililouzwa kuliko yote ni lile tuliloliita jana-leo-kesho. Hufunguka likiwa la zambarau, kesho yake huwa hafifu, siku ya tatu ni jeupe, hivyo kichaka kimoja huwa na rangi tatu kwa wakati mmoja. Harufu yake ya jioni ni tamu mno. Tuliuza mamia, na sikumbuki hata mara moja mimi au Mama Kitalu kumwuliza mnunuzi: Nyumbani kuna mbwa?

Siku moja alikuja mama mmoja mrefu, amevaa miwani yenye mnyororo, akachagua vichaka vitatu vya jana-leo-kesho. Nilimwonyesha kimoja kilichokuwa na ugonjwa wa majani nikamshauri asikichukue. Akanitazama, kisha akamgeukia Mama Kitalu.

"Na huyu anayepanda, yeye ni bei gani?"

"Huyo mchukue bure," Mama Kitalu akajibu. "Anawaambia wateja ukweli. Atanifilisi."

Basi nikaenda Lavington, mtaa wa wenye nazo, na huko nikakaa miaka ambayo mpaka sasa huiona nikifumba macho.

Yule mama alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, na watu wote, hata mchuuzi wa mboga, walimwita Mwalimu; yeye aliniita kwa jina langu, Simiyu. Alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa ng'ambo. Boma lake lilikuwa la zamani, nyumba ya mawe yenye dohani, nyasi pana mbele, na nyuma nyumba ndogo ya wafanyakazi ambako nilihamia na mke wangu, Mama Neema, na watoto wetu watatu. Shule ilikuwa karibu, maji hayakukatika. Kila asubuhi kabla ya kushika jembe nilisimama kwenye umande na kumshukuru Mungu kwa pahali pale.

Mwalimu alikuwa na mbwa mmoja jike, wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Mumewe alimleta nyumbani akiwa mtoto wa mbwa, mwezi mmoja kabla ya kuugua ugonjwa uliomchukua. Mwalimu alimpa jina la Karani, kwa sababu hakuna kitu kilichoingia langoni bila yeye kukikagua. Gunia la makaa, kikapu cha sukuma wiki, viatu vya mchungaji aliyekuja kuomba, vyote vilinuswa mara mbili, kisha Karani hukaa chini kama aliyetia sahihi. Nikifungua shimo la kupanda, alikuwa wa kwanza kuingiza pua.

Langoni alikuwapo askari, Mutuku, mtu wa Ukambani, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Alilinda usiku, asubuhi akalala pale pale langoni, sikio wazi, na saa kumi jioni tulikunywa chai pamoja kwenye kibanda chake. Hakuwa mtu wa kanisa sana, nami nilijaribu kumvuta.

"Mzee wa maua," alikuwa akiniambia, "mimi nikienda kanisani Jumapili, nani atalinda? Malaika hawana filimbi."

"Mungu hulinda, Mutuku."

"Sawa. Basi mwambie Mwalimu amwandike kazi Yeye, mimi nirudi Machakos nikapande mahindi."

Tulicheka hivyo miaka minne. Alikuwa amelala njaa mara nyingi ili mwanawe wa kwanza amalize shule ya ufundi, na hakuwahi kulalamika mbele yangu. Kitu kimoja tu alichojivunia: tangu aanze kazi ya ulinzi, hakuna mwajiri aliyewahi kumwachisha bila barua ya kumsifu. Alikuwa nazo mbili kwenye mfuko wa nailoni. Kwa askari wa Nairobi barua kama hiyo ndiyo ardhi yake. Ukiondoka mahali bila barua, kila lango linalofuata litakuuliza ulifanya nini.

Vile vichaka vitatu Mwalimu alitaka vipandwe chini ya dirisha la chumba chake cha kulala, apate harufu yake jioni. Niliamua kufanya kazi yangu bora. Jumamosi nilienda Kenyatta Market, kwa wachoma nyama, nikaomba mifupa iliyobaki mezani mwa wateja. Walinijazia gunia. Niliporudi, Mutuku alinisaidia kulishusha.

"Haya, leo tunakula nini?"

"Si yetu. Ni ya maua."

"Maua ya Lavington yanakula nyama choma," akasema, "na mimi nakula maharagwe. Kweli hii dunia iko na mambo."

Nilifukia mifupa yote chini ya vile vichaka vitatu.

Siku chache baadaye Karani alianza kufukua. Nilirudishia udongo. Akafukua tena. Niliweka matawi ya bogenvilia yenye miiba, akayavuta kando kwa meno kama mtu anayesogeza kiti. Niliweka mawe. Nilimshtaki kwa Mwalimu, nikasema mbwa huyu ana utundu. Sikujiuliza hata mara moja anafuata nini. Tulivutana hivyo miaka, na kila nilipoona kichaka kimenyauka kwa kufukuliwa, nilikiongezea mifupa mingine ili kipate nguvu. Mara ya mwisho Mutuku alisimama akiniangalia nikifukia, akatikisa kichwa.

"Mbwa hii iko na digrii ya kuchimba," akasema. "Na wewe ndiye unamlipia karo."

Nikacheka, nikaendelea kufukia.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka wetu wa nne, saa saba mchana. Tulikuwa tumetoka ibadani, mimi na familia, na nilipofungua lango dogo nikamwona Mwalimu amepiga magoti kwenye nyasi na nguo zake za kanisa. Karani alikuwa amelala ubavu mbele yake, miguu yote minne imekakamaa kama miguu ya meza, mwili ukitetemeka bila kusimama. Mdomoni povu. Mwalimu alikuwa akijaribu kummiminia maziwa, kama watu wengi hapa wanavyoamini kwamba maziwa huua sumu. Kando yake palikuwa na matapishi, na ndani ya matapishi vipande vya mifupa na nyama nyeusi iliyochomwa.

Mutuku alikuwa amesimama karibu, amevaa fulana tu, ameamshwa usingizini.

Lazima mjue kwamba wiki mbili nyuma wezi walikuwa wameingia boma la jirani. Walianza kwa kutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta, mbwa wakafa, ndipo wakaingia. Mtaa mzima ulikuwa ukisema kwamba askari wa pale alikuwa mwenzao.

"Nani amepita hapa asubuhi?" Mwalimu aliuliza bila kuinua macho.

"Hakuna mtu, Mwalimu," Mutuku akajibu.

"Hii nyama ya kuchoma ilishuka kutoka mbinguni?"

 Nami nilikuwa nimeshaona kile ambacho wao hawakukiona. Katikati ya mifupa ile palikuwa na nyuzi za mizizi iliyotafunwa, na mbegu ndogo za kahawia. Nilitazama dirishani. Kichaka cha kati kilikuwa kimelala chini, shimo limefunguliwa mpaka kwenye mifupa. Nyapara alikuwa amenionya juu ya oleanda, juu ya mbarika, juu ya maua yale makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta. Juu ya jana-leo-kesho hakuna aliyenionya, lakini mtu aliyefanya kazi na mimea muda wote ule hahitaji kuandikiwa. Nilijua.

"Nakuuliza wewe, Mutuku. Ni wewe uliye langoni."

Mutuku alinitazama. Alilijua gunia lile. Alilishusha kwa mikono yake. Neno moja lingetosha: hiyo mifupa ni ya Simiyu. Alisubiri, kwa muda ambao mtu hutumia kuvua viatu viwili, akinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Nyuma yangu Mama Neema alikuwa ameshika mkono wa mtoto wetu mdogo. Niliifikiria ile nyumba ndogo, shule, maji. Nikanyamaza.

"Weka funguo mezani," Mwalimu akamwambia. "Nikirudi nisikukute. Barua usiniombe."

"Sawa, Mwalimu," Mutuku akasema. "Mbwa apone kwanza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Nilimbeba Karani hadi kwenye gari, nikakaa naye kiti cha nyuma. Mwalimu aliendesha mpaka kwa daktari wa mifugo upande wa Jamhuri. Kila gari lililopiga honi, mbwa alijikunja kwa mshtuko mikononi mwangu. Sikusema kitu njia nzima. Niliomba, na nilijua hata nikiomba kwamba siombi kile ambacho Mungu alikuwa akikitaka kwangu.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mikono imara. Alisikiliza habari ya wezi na nyama, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Mezani Karani alikuwa akigonga chuma kwa kutetemeka.

"Sumu nyingi wanayotupa wezi ni ya kuua wadudu," alisema akiendelea. "Hii sindano ni ya hiyo. Lakini huku kukakamaa kunanisumbua, hakufanani vizuri. Kuna mtu aliona alichokula? Mzee, wewe uliona?"

"Si wezi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. Nikasema habari ya gunia, ya Kenyatta Market, ya mifupa chini ya vichaka, ya mizizi na mbegu ndani ya matapishi. Daktari aliweka sindano chini pale pale.

"Jana-leo-kesho? Una hakika?"

"Nilikipanda mwenyewe."

Alibadilisha dawa zote. Alimtuliza mishtuko kwanza, akamwekea maji kwenye mshipa, akazima taa na kufunga dirisha kwa sababu mbwa mwenye sumu ile hushtushwa na mwanga na kelele. Mwalimu hakuniangalia mpaka kazi ile ilipokwisha. Ndipo alipoiondoa miwani yake.

"Simiyu, tulipotoka nyumbani ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Na Mutuku alijua habari ya hiyo mifupa?"

"Alijua."

Akarudisha miwani. Tuliporudi, kibanda cha lango kilikuwa kitupu. Funguo zilikuwa juu ya meza, koti la kazi limekunjwa vizuri kama la duka. Mwalimu mwenyewe alimpigia Mutuku simu, mbele yangu, mara nyingi. Tulijibiwa na ile sauti ya mwanamke isemayo mteja hapatikani. Wiki nzima haikubadilika. Nilitumwa Machakos, kwenye soko alilokuwa akilitaja. Nikaonyeshwa nyumba ya ndugu yake, naye akaniambia Mutuku amepita siku moja tu, ameondoka na mkewe kutafuta kazi, hakusema wapi. Alisema pia kwamba Mutuku hakumwambia mtu yeyote sababu ya kuachishwa.

Karani alikaa kwa daktari siku sita. Ya tatu tulidhani amekufa. Ya sita alisimama, akanusa viatu vya daktari, kimoja kimoja, akakaa chini. Mwalimu alilia hapo, mara ya pekee niliyomwona.

Nilikuwa nimeshafunga vyombo vyangu. Mwalimu aliniita barazani.

"Fungua hivyo vyombo," akasema. "Nimefukuza mtu mmoja bila kuuliza vizuri, sitafukuza wa pili kwa hasira ile ile. Lakini kuanzia kesho, kila mmea ulio ndani ya hili boma utaniambia kama unaua au hauui. Uandike. Na usipojua jibu, uende ukaulize."

Nilimtii. Nilinunua daftari, nikazunguka boma lote kwa magoti. Niliyoyajifunza nawapa hapa, kwa kuwa ndiyo sehemu ya maisha yangu iliyo na faida kwenu.

Mbwa hali mmea kwa ujinga. Hula kwa sababu kuna kitu kilichomwita. Mifupa ardhini humwita, unga wa mifupa humwita, mboji yenye mabaki ya jikoni humwita. Kwa hiyo nyumba yenye mbwa haifukiwi mifupa kabisa, na shimo la mboji hufunikwa kwa wavu. Dawa ya konokono, zile tembe za buluu, humwita pia kwa harufu, na huua haraka. Oleanda, mbarika, jana-leo-kesho na maua ya tarumbeta huondolewa, au hupandwa nyuma ya wavu, na mbegu zinazoanguka huokotwa kila siku. Kuna na ule mmea mfupi unaofanana na mnazi wa kuchezea, watu huupenda mlangoni. Mbegu zake za rangi ya chungwa mbwa huzichezea kama mpira, na ini lake huisha. Matawi unayopogoa usiyaache chini hata saa moja. Mbwa mchanga hupenda fimbo. Mpe mbwa kona yake ya kuchimba, mchanga laini wenye kivuli, umfichie huko kitu chake mwenyewe, naye atakuachia maua.

Na akishakula, usimmiminie maziwa wala chumvi. Mbwa anayetetemeka hamezi vizuri, maziwa yataingia mapafuni. Kata tawi la mmea uliotafunwa, liweke kwenye karatasi, mkimbize kwa daktari. Na useme kweli yote mara moja, hata kama kweli hiyo ni juu yako. Ukimya wangu ulidumu kutoka Lavington hadi Jamhuri, safari fupi tu. Karani alikaribia kupigwa sindano isiyo yake kwa sababu ya ukimya huo.

Mwalimu aliwaambia majirani, nao wakaanza kuniomba niwakagulie maboma yao. Alinipa ruhusa siku mbili kwa wiki. Baadaye yule daktari naye akawa akinituma kwa wateja wake. Nilitembea Kileleshwa, Westlands, Spring Valley, mpaka huku Kinoo ninakoishi sasa, nikiwa na daftari na wavu begani. Balozi mmoja alinitembeza bustani yake kwa saa mbili, akimbeba mkononi mbwa wake mdogo kama mtoto mchanga. Mkurugenzi mmoja aliniambia, "Mzee, rahisi tu, ng'oa vyote tuweke nyasi za plastiki." Nilimwuliza mbwa atajisaidia wapi. Akafikiri, akaniambia nibakize kidogo.

Kila boma lilikuwa na lango, na kila lango lilikuwa na askari. Kabla ya kuuliza habari ya mbwa niliuliza habari ya Mutuku. Mtu mwembamba, wa Machakos, sauti nzito. Wengine walisema wanamjua, nikaenda, nikakuta mtu mwingine. Mmoja aliniambia alifanya kazi naye kwenye ghala fulani, ya kubeba mizigo, si ya ulinzi, kwa sababu hakuwa na barua ya mwisho. Nilipofika ghala lile alikuwa ameshaondoka.

Karani aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazeeka, akafa usingizini kwenye jua la asubuhi. Vile vichaka nilikuwa nimeving'oa na kuvichoma, na mahali pake nikapanda waridi. Mwalimu naye alidhoofika. Watoto walirudi kumchukua, boma likauzwa. Leo hapo pana ghorofa kumi na mbili, na mbele yake magari yameegeshwa palipokuwa nyasi. Nikipita huko hutafuta kwa macho lilipokuwa dirisha lile, na sipati hata kona. Husimama kidogo. Sioni aibu kusema kwamba huwa natamani kurudishiwa jioni moja tu: chai kwenye kibanda, Karani akikagua vikombe, na Mutuku akimtania Mungu kwa namna ambayo naamini Mungu aliipenda.

Siku Mwalimu alipoondoka aliniita chumbani, akanipa bahasha. Alikuwa ameandika kwa mkono wake, zile herufi za ubaoni zilizolala upande mmoja. Iliandikwa kwamba askari huyu alilinda lango lake miaka minne kwa uaminifu, kwamba aliondolewa kwa kosa lisilo lake, na kwamba yeye, Mwalimu, anamwomba radhi mbele ya yeyote atakayeisoma. Chini alikuwa ameacha nafasi.

"Hapo tia sahihi wewe," akasema. "Uandike na kosa lilikuwa la nani."

Niliandika. Miezi michache baadaye Mwalimu alilala. Nilisimama kwenye mazishi yake nikijua kwamba kazi aliyonipa mwisho bado sijaimaliza.

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kuinama, na Mama Neema amekataa nijaribu. Mungu amenitendea mema kuliko nilivyostahili: watoto wamesoma, nina chumba na bustani ya upana wa blanketi, nahudumu kanisani, na vijana huja kuniuliza habari za mimea. Watu huniuliza kama naikosa kazi. Udongo naukosa kidogo. Kitu ninachokikosa hasa ni malango. Mtu aliyestaafu hana sababu ya kubisha lango la mtu, na mimi nilipoacha kubisha niliacha pia kuuliza. Ndiyo maana nimeyaandika haya, yafike kwenye malango nisiyoweza kuyafikia.

Mutuku, huenda umezeeka kama mimi, na hakuna anayeajiri askari wa umri wetu. Barua yako ninayo, sahihi zote mbili zipo.